Saratani ya ngozi kwenye kidole: kisu, dawa ya kupaka, mionzi au kukatwa pingili

Mgongoni au begani, daktari anayeondoa saratani ya ngozi ana nafasi ya kutosha. Hukata kidonda pamoja na ukanda wa ngozi nzima unaokizunguka, huvuta kingo mbili, hushona, na baada ya wiki chache hubaki kovu lisilomzuia mtu kufanya lolote. Kidoleni nafasi hiyo haipo. Ngozi ya juu ya kidole ni nyembamba na haina mafuta mengi chini yake, kano zinazokikunja na kukinyoosha zimepita papo hapo, kila ubavu una mshipa wake wa damu na neva yake, na chini ya ukucha nyama laini imegandamana na mfupa. Hebu tupige hesabu ndogo: kidonda cha upana wa milimita 8, kikikatwa pamoja na milimita 6 za ngozi nzima kila upande, huacha pengo la milimita 20, ambalo kwa watu wengi ndilo upana wote wa kidole, pengine na zaidi.

Kwa hiyo ninapolinganisha tiba hapa chini, kipimo changu ni kimoja: ni tiba ipi inayompa mgonjwa uhakika kwamba hakuna seli ya saratani iliyobaki ukingoni, huku ikila sehemu ndogo kabisa ya kidole. Nyingine zote, kama vile maumivu, idadi ya safari za kwenda hospitali na sura ya kovu, ni muhimu, lakini huja baada ya hapo. Uamuzi wenyewe utafanywa na mgonjwa pamoja na daktari aliyekishika kidole hicho. Maelezo haya ni ya kumwezesha kuingia katika mazungumzo hayo akijua la kuuliza.

Majibu ya maabara kwanza

Ulinganisho wowote unaofanywa kabla ya biopsi, yaani kukata kipande cha nyama na kukipima maabara, ni kubahatisha. Saratani ya ngozi inayopatikana zaidi kidoleni ni ile ya seli bapa, yaani seli za tabaka la juu la ngozi. Wakati mwingine hukutwa ikiwa bado katika hatua yake ya mwanzo kabisa, iitwayo ugonjwa wa Bowen, ambapo seli mbovu zimejaa ndani ya tabaka la juu lakini hazijapenya kwenda chini. Saratani ya seli za msingi, ambayo huongoza kwa idadi usoni, kidoleni ni adimu. Melanoma, inayotokana na seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, nayo ni adimu, lakini ndiyo ya hatari zaidi kati ya zote tatu, na kwa kuwa kanuni zake ni nyingine nitaitenga.

Karibu na ukucha saratani ya seli bapa ni hodari wa kujificha. Hufanana na chunjua isiyosikia dawa, au na fangasi wa kucha, au na mdudu wa kidole anayetoa usaha kidogo, anapoa, kisha anarudi palepale. Kufanana na chunjua kuna sababu: virusi vya papiloma, hasa aina ya 16, hukutwa katika saratani nyingi za seli bapa zinazoanzia kwenye ukucha, na chunjua za kawaida husababishwa na virusi vya ukoo huohuo. Mtu aliyetibiwa chunjua mwaka mzima pasipo nafuu, kwenye kidole kilekile kimoja, anastahili kukatiwa kipande cha nyama kikapimwe, hata kama anayemtibu ana hakika na anachokiona.

Kipande hicho nacho kina masharti yake. Kidonda kikiwa chini ya ukucha, ukucha huondolewa wote au sehemu yake ili sampuli itoke kwenye nyama yenyewe, kwani kukwangua unga wa ukucha hakutoshi. Kisha sampuli iwe ya kina, kwa sababu ile ya juujuu inaweza kuonyesha ugonjwa wa Bowen ilhali milimita moja chini yake saratani imekwisha kupenya, na hapo ulinganisho wote hupinduka: dawa ya kupaka inayofaa kwa hatua ya kwanza haina kazi kwa hatua ya pili. Picha ya eksirei huongezwa ili kuona kama mfupa wa pingili ya mwisho umeanza kuliwa. Mgonjwa asikubali tiba yoyote kabla hajajua saratani yake ni ya aina gani, imepenya kiasi gani, na iko umbali gani kutoka kwenye ukucha, kifundo na mfupa.

Kukata kwa makadirio au kukata kwa hadubini

Kwa saratani ya seli bapa iliyopenya, upasuaji ndio tiba ya kwanza, na mjadala wa kweli ni juu ya namna ya kukata. Katika upasuaji wa kawaida daktari huchora mstari kuzunguka kidonda, akiacha milimita 4 hadi 6 za ngozi inayoonekana nzima ikiwa hatari ni ndogo, na zaidi ya hapo ikiwa hatari ni kubwa. Miongozo mingi huihesabu mikono miongoni mwa sehemu za hatari kubwa, ndiyo maana hesabu niliyoanza nayo si ya kutisha watu tu. Kipande hupelekwa maabara na majibu hurudi baada ya siku kadhaa. Huko maabara kipande hukatwa kama slesi za mkate na slesi chache huangaliwa, kiasi kwamba sehemu ya ukingo inayopita chini ya hadubini hukadiriwa kuwa asilimia 1 au pungufu. Ripoti inayosema kingo ni safi ina maana kwamba kingo ni safi pale palipoangaliwa.

Njia ya pili inaitwa Mohs, kwa jina la Frederic Mohs, daktari wa Marekani aliyeianzisha Wisconsin katika miaka ya 1930. Inafaa kuielezea polepole, kwa sababu tofauti yake na ile ya kwanza imo katika utaratibu wenyewe. Kidole hutiwa ganzi kwenye shina, sindano moja kila ubavu, na mpira mwembamba hufungwa hapo ili damu isimzibe daktari macho. Hukatwa kisahani chembamba cha ngozi chenye kingo zilizoinama. Kisahani hicho hupakwa wino, mwekundu upande huu na wa buluu upande ule, na mchoro wa kidole ulio kwenye karatasi hutiwa alama zilezile. Kisha hugandishwa na kulazwa bapa ili ukingo wote pamoja na sakafu yake vikae katika tabaka moja, hukatwa kwa mashine, na daktari yuleyule aliyeshika kisu ndiye anayeangalia kwenye hadubini. Mgonjwa husubiri chumba cha pili, kidole kimefungwa bandeji nene, kwa muda wa saa moja hivi. Seli mbovu zikionekana, tuseme, upande wenye wino wa buluu, daktari hurudi kukata penye buluu pekee na pengine hapaguswi. Huendelea hivyo hadi kipande kitoke kisafi.

Kwa kipimo changu, hakuna njia inayoishinda hii kwenye kidole. Karibu ukingo wote huonekana, na kinachopotea ni kile kilichougua pamoja na utando mwembamba unaokizunguka. Ina mapungufu yake, hata hivyo. Inahitaji daktari aliyefunzwa kukata na kusoma hadubini pia, pamoja na maabara iliyo mlango wa pili. Inaweza kuchukua siku nzima. Mfupa hauwezi kukatwa kwa mashine ya kugandisha, hivyo saratani iliyoingia mfupani iko nje ya uwezo wake. Na seli za melanoma ni ngumu kuzitambua kwenye kipande kilichogandishwa kwa njia ya kawaida.

Pasipo na Mohs, wengi hudhani kwamba kimebaki kukata kwa makadirio tu. Ipo njia ya katikati ambayo haitajwi inavyostahili, nayo ni kukata kwa awamu. Daktari huondoa uvimbe kwa ukingo mdogo, haufuniki mwanya alioufanya, anafunga bandeji, na humwomba mwanapatholojia, yaani daktari wa maabara anayesoma vipande hivyo, aangalie ukingo wote kwa vipande vya kawaida visivyogandishwa. Baada ya siku chache majibu yakija safi, mwanya hufunikwa. Yakija machafu, hukatwa zaidi pale palipoonyeshwa. Mgonjwa hulipa kwa siku kadhaa za kidonda wazi na safari ya pili, lakini hupata karibu uhakika uleule. Ningekuwa mimi, na Mohs haipatikani, ningeomba hii kabla ya kukubali ukingo mpana unaoshonwa siku hiyohiyo.

(Wapo wanaoogopa sindano ya ganzi yenye adrenalini kidoleni kwa kusikia kwamba huua kidole kwa kukikosesha damu. Hofu hiyo ilifundishwa kwa miaka mingi hata vyuoni. Kwa kipimo sahihi, na kwa mtu ambaye mishipa yake ya damu ni mizima, imethibitika kuwa salama.)

Pengo litafunikwaje

Hili husahauliwa hadi siku yenyewe, na ni kosa, kwa kuwa ndilo linaloamua mgonjwa atakavyoishi wiki sita zijazo. Pengo dogo ambalo halijaacha mfupa wala kano wazi linaweza kuachwa lijijaze lenyewe. Njia hiyo haiongezi kidonda mahali pengine popote na huacha ukingo wazi kwa macho, lakini hudai bandeji ya kila siku kwa wiki nyingi, na kovu linapojikunja juu ya kifundo linaweza kukivuta kidole kisinyooke.

Kipandikizi cha ngozi, ambacho aghalabu hutolewa upande wa ndani wa mkono, kwenye mkunjo wa kiwiko au kinenani, hufunika pengo kubwa zaidi kwa mara moja. Masharti yake ni kwamba kipandikizi hupata damu kutoka kilipolala, hivyo hakishiki juu ya mfupa mtupu au kano iliyovuliwa utando wake. Hapo ndipo hutumika ngozi ya jirani iliyo bado na mshipa wake. Katika mbinu mojawapo, ngozi ya kidole cha pili huinuliwa kama ukurasa wa kitabu na kushonwa juu ya kidole kinachougua, na vidole viwili hukaa vimeshikamana wiki mbili hadi tatu kabla ya kutenganishwa. Kwa kijana ni usumbufu wa kupita. Kwa mzee mwenye baridi yabisi, vidole viwili vikikaa bila kukunjwa muda huo vinaweza kukakamaa moja kwa moja. Tena ngozi ya jirani ina hatari yake katika saratani: ikishonwa kabla kingo hazijathibitishwa, inaweza kufunika mabaki ya ugonjwa yasionekane kwa muda mrefu. Mgonjwa akiambiwa atafanyiwa upasuaji wa namna hii siku ileile ya kukatwa, na hakuna anayeangalia kingo siku hiyo, ana haki ya kuuliza kwa nini haraka.

Tiba zisizotumia kisu

Dawa ya kupaka ya fluorourasili, ambayo huzuia seli zisijigawe, na ile ya imikwimodi, ambayo huamsha kinga ya mwili papo hapo kwenye ngozi, huvutia kwa sababu zilizo wazi: hakuna kisu, hakuna mshono, na ngozi ikipona mara nyingi hubaki na kovu dogo au isibaki na kovu kabisa. Fluorourasili hupakwa mara moja au mbili kwa siku kwa wiki kadhaa. Ngozi huwa nyekundu, huchubuka, hutoa gamba na kuwasha moto, na mgonjwa asiyeonywa huacha dawa katika wiki ya pili akidhani imemdhuru, kumbe ndipo ilipoanza kufanya kazi.

Kidoleni dawa hizi hukutana na vikwazo ambavyo hazivikuti shavuni au mguuni. Mkono hunawa, hushika, hupangusa jicho. Dawa huondoka mahali pake na huenda isikotakiwa, hivyo kidole hakina budi kufungwa na mgonjwa kukumbuka kila mara. Ngozi ya tumbo la kidole ni nene. Ukucha haupitishi dawa, na saratani iliyoanzia chini yake au kwenye mfereji wa ubavuni inaweza kufa sehemu inayoonekana na kuendelea kuishi kwenye mzizi wa ukucha. Kwa maoni yangu dawa ya kupaka ina nafasi moja ya heshima kwenye kidole: ugonjwa wa Bowen uliothibitishwa kwa sampuli ya kina, ulio juu ya kidole mbali na ukucha, kwa mtu mwenye subira ambaye hatakosa kurudi kliniki.

Tiba ya mwanga hufuata mantiki hiyohiyo. Dawa hupakwa, huachwa saa kadhaa iingie kwenye seli mbovu, kisha taa nyekundu huiamsha ili iziue. Kwa ugonjwa wa Bowen kwa kawaida hufanywa mara mbili kwa tofauti ya wiki moja. Taa ikiwa imewaka, mgonjwa husikia kama anachomwa, na vidole vina neva nyingi. Faida yake juu ya dawa ya nyumbani ni kwamba inafanywa na mhudumu, haitegemei kumbukumbu ya mtu. Haifiki chini wala haipiti ukucha.

Kugandisha kwa nitrojeni ya majimaji, ambayo joto lake ni nyuzi 196 chini ya sifuri, na kukwangua kisha kuunguza kwa umeme, ni tiba za dakika chache ambazo hufanya kazi nzuri kwenye kiwiliwili. Kidoleni sizipendekezi ila kwa sababu maalumu. Neva za ubavuni ziko karibu sana na ngozi, baridi ikizama inaweza kuacha ganzi ya muda mrefu, na ikigusa mzizi wa ukucha, ukucha huota umepinda maisha yote. Kwenye ngozi nyeusi, baridi huacha baka jeupe ambalo pengine halirudi rangi.

Tiba zote hizi zinatofautiana kwa mengi, lakini upungufu wao mkubwa ni mmoja: hakuna kipande chenye kingo kinachofika maabara. Uhakika pekee ni kusubiri na kuangalia.

Mionzi

Historia ya mionzi na vidole ina kejeli yake. Eksirei iligunduliwa mwaka 1895, na miaka michache tu baadaye waliokuwa wakiijaribu mashine hizo kwa kuweka mikono yao mbele yake walianza kupata vidonda visivyopona. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alipata saratani mikononi, alikatwa hatua kwa hatua hadi akapoteza mikono yote miwili, na alifariki mwaka 1904. Kitu kilichosababisha saratani ya vidole kikaja kuwa pia mojawapo ya tiba zake.

Leo mionzi hupimwa kwa uangalifu mkubwa na huelekezwa mahali padogo, kwa boriti ya nje isiyozama sana au kwa kifaa kinachowekwa juu ya ngozi. Hutolewa kwa vipindi vingi vifupi, kwa kawaida siku za kazi kwa wiki kadhaa. Haiumi wakati inapotolewa, haihitaji ganzi, na kidole hubaki na umbo lake, jambo linaloifanya ivutie kwa mzee ambaye moyo au mapafu yake hayampi nafasi ya upasuaji mrefu, au kwa mtu anayekataa kisu katakata.

Tofauti yake na upasuaji huonekana zaidi kadiri miaka inavyopita. Kovu la kisu hulainika na kufifia. Ngozi iliyopigwa mionzi huenda ikazidi kuwa nyembamba, kavu, yenye vishipa vya damu vinavyoonekana, na kidole, ambacho hakiishi bila kugongwa na kukwaruzwa, hupata vidonda visivyopona upesi. Kifundo kinaweza kukakamaa, ukucha ukafa, na mfupa ulio karibu hivyo na ngozi ukadhurika. Zaidi ya hayo, mionzi yenyewe inaweza kuzaa saratani nyingine miongo kadhaa baadaye. Ndiyo sababu madaktari wengi huiweka kwa watu wenye umri mkubwa, na huikwepa kwa vijana na kwa wale waliozaliwa na maradhi yanayofanya chembe zao za urithi zishindwe kujikarabati. Jambo jingine ambalo wagonjwa huambiwa kwa nadra: saratani ikirudi mahali palipopigwa mionzi, upasuaji wa pili hufanywa kwenye ngozi isiyopona vizuri, ilhali saratani ikirudi baada ya upasuaji, mionzi bado ipo mkononi.

Mionzi ina kazi nyingine isiyobishaniwa sana, nayo ni kufuatia upasuaji pale ambapo saratani ilikutwa ikitambaa kwenye neva au kingo zimeshindikana kusafishwa.

Kukatwa pingili

Neno lenyewe hutisha, na kwa hiyo hulinganishwa vibaya. Watu huweka kukatwa pingili upande mmoja na "kuokoa kidole" upande wa pili, kana kwamba kidole kilichookolewa kitafanya kazi kama zamani. Kuna nyakati ambapo hakuna cha kulinganisha: saratani ya seli bapa iliyoingia ndani ya mfupa wa pingili ya mwisho hutibiwa kwa kawaida kwa kukata kwenye kifundo kilicho juu ya mfupa huo. Ugumu uko kwa uvimbe mkubwa ambao haujafika mfupani, au uliorudi mara ya pili.

Tuchukue kidole cha pete. Ukikatwa kwenye kifundo cha mwisho, nyuzi hutoka baada ya wiki mbili hivi, mgonjwa hufungua bandeji mapema kuliko mwenye kipandikizi, na hubaki na kidole kifupi chenye ngozi yake mwenyewe ya tumbo la kidole, ile inayohisi na kustahimili kushika. Mtu huyohuyo akiondolewa ukucha wote na nyama yake na kuwekewa kipandikizi, kidole hubaki na urefu wake, lakini ncha yake imefunikwa na ngozi ya kigeni isiyohisi sawasawa, na bila ukucha, kuokota sindano au sarafu mezani ni kazi. Kwa kidole cha pete au cha mwisho naona tofauti ya utendaji ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, na uzito wa sura ya mkono ndio unaoamua, jambo ambalo hakuna mwingine anayeweza kumwamulia mwenye mkono.

Kidole cha shahada kina tabia yake: kikiuma au kikifa ganzi, mtu bila kujijua huanza kutumia cha kati kubana na kufunga vifungo vya shati, na cha shahada hubaki kimenyooshwa kando kama mgeni. Kidole gumba ndicho cha kupigania kila milimita, kwani hukadiriwa kubeba asilimia 40 hivi ya kazi ya mkono. Hapo kipandikizi chenye kasoro, au safari ya mbali kuifuata Mohs, ina thamani ambayo isingekuwa nayo kwa kidole kidogo.

Kukatwa nako kuna gharama zake. Ncha ya neva iliyokatwa inaweza kuota kinundu kidogo kinachouma kama umeme kila kinapogongwa, na daktari mzuri huivuta neva na kuikata juu zaidi ili ijifiche ndani ya nyama laini. Kuhisi kidole kisichokuwepo hutokea, na baridi huuma zaidi katika miezi ya mwanzo. Muulize daktari atakata kwenye kifundo kipi, ataifanya nini neva, na mazoezi ya vidole yataanza lini.

Melanoma ina sheria zake

Melanoma ya kidole mara nyingi huanza kama mstari mweusi au wa kahawia kwenye ukucha. Watu weusi wengi wana mistari ya namna hiyo kwenye kucha kadhaa na haina madhara. Wa kutiliwa shaka ni ule ulio kwenye ukucha mmoja, uliotokea ukubwani, unaopanuka, au ambao rangi yake imevuka ukucha na kuingia kwenye ngozi ya shina au ya ubavu.

Hapa dawa za kupaka, baridi na kukwangua huondolewa kwenye orodha kabisa, na mionzi haiwi tiba ya kwanza. Kinachopimwa ni unene wa melanoma kwa milimita kuanzia juu ya ngozi. Ile ambayo haijapenya inaweza kutolewa kwa kuondoa ukucha wote pamoja na mzizi wake hadi mfupani na kuweka kipandikizi, kidole kikabaki. Ile nene hudai ukingo wa sentimita 1 hadi 2, na ukingo huo kwenye ncha ya kidole ni kukatwa kwa jina jingine. Ikifikia unene wa milimita 0.8 hivi, hujadiliwa pia kipimo cha tezi ya limfu ya kwanza, ambapo dawa yenye rangi au mionzi kidogo hudungwa karibu na uvimbe ili kuonyesha ni tezi ipi ya kwapani itolewe na kupimwa.

Kisa kinachotajwa daima ni cha Bob Marley. Mwaka 1977 alikutwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole cha mguu, akashauriwa akatwe kidole, akakataa, akaondolewa ukucha na nyama yake na kuwekewa kipandikizi. Alifariki tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36. Hakuna awezaye kuapa kwamba kukatwa kidole kungemponya, na kisa hicho kisitumiwe kumtisha kila mgonjwa akubali kukatwa: katika melanoma ambayo haijapenya, kile alichofanyiwa yeye ndicho kinachokubalika leo. Unene ndio unaotenganisha wagonjwa.

Mgonjwa mwenyewe

Saratani ya seli bapa iliyokwisha kusambaa au isiyoweza tena kukatwa sasa ina tiba ya kuamsha kinga; semiplimabu iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 na hutolewa kwa dripu kila wiki tatu. Haishindani na upasuaji wa kidonda kidogo. Aliyepandikizwa figo au kiungo kingine huitumia kwa tahadhari kubwa, kwa sababu kinga ikiamshwa inaweza kukikataa kiungo hicho, na bahati mbaya watu hao ndio hupata saratani nyingi za ngozi mikononi. Kwao, na kwa wanaoishi na kinga dhaifu kwa sababu nyingine, ningeegemea upande wa kukata mapema na kuhakikisha kingo.

Mwenye kisukari au mishipa ya damu iliyoziba hupunguziwa chaguo la kidonda cha kuachwa wazi na la kipandikizi, kwani vyote hutegemea damu inayofika nchani. Mvutaji wa sigara yuko karibu naye, kwa kuwa nikotini hubana mishipa ya vidole. Kuacha wiki chache kabla na baada ya upasuaji kunaweza kuamua kama kipandikizi kitashika. Anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi aseme mapema na asiziache kwa uamuzi wake, kwa sababu kwa upasuaji mdogo wa ngozi mara nyingi huendelea nazo.

Tiba yoyote iliyochaguliwa hufuatwa na miaka kadhaa ya kurudi kliniki, kwa vipindi vya karibu zaidi katika miaka miwili ya mwanzo. Daktari huangalia kovu na vidole vingine vyote, kisha hupapasa upande wa ndani wa kiwiko na kwapa la mkono uleule, ambako saratani ya kidole hupita kwanza ikitoroka. Mgonjwa anaweza kufanya hivyo mwenyewe mara moja kwa mwezi, mkono ukiwa umelegezwa, kwa ncha za vidole vya mkono wa pili. Mtoki mgumu usiouma ambao haujaondoka baada ya wiki tatu usisubiri tarehe ya kliniki.